Dhoruba, vitu vya ndani na bima: mwongozo kamili wa kudai fidia kampuni inaposita kulipa

Ni nadra barua ya kukataa dai kusema kwamba dhoruba haikuwepo. Mara nyingi inakubali karibu kila kitu: upepo ulivuma, mvua ilinyesha, godoro lililowa, televisheni imekufa. Halafu inakuja sentensi moja, kwamba maji hayakuingia kwa njia inayolindwa na mkataba. Ugomvi wote umejificha hapo. Anayedai fidia hutumia nguvu zake kuthibitisha kwamba vitu vimeharibika, jambo ambalo hakuna anayelipinga, na kusahau kuthibitisha njia iliyopitiwa na maji hadi yakavifikia. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo tangu usiku wa dhoruba mpaka mezani kwa msuluhishi.

Hatua ya 1: Usiku wenyewe na asubuhi yake

Umeme kwanza. Maji yakiwa yamefika kwenye soketi au swichi kuu, usiguse kitu hadi umeme ukatwe. Hakuna zulia linalostahili uhai wa mtu.

Baada ya hapo chukua simu, na usisogeze kitu bado. Wengi hupiga picha ya sofa iliyolowa na kuliacha tundu lililoleta maji. Fanya kinyume: anza na tundu. Rekodi video moja isiyokatika, ukianzia nje ambako paa limeng'oka au dirisha limevunjika, uingie ndani, upande darini, ushuke ukutani kwa kufuata michirizi ya maji, uishie kwenye kabati au kitanda kilichoharibika. Video ya dakika tatu ya aina hiyo ina uzito kuliko picha mia moja za vitu vilivyolowa.

Sasa zuia hasara isiongezeke. Mikataba karibu yote inakudai hivyo, na uzembe wa siku mbili unaweza kukugharimu sehemu ya fidia. Funika tundu kwa turubai, inua vitu kutoka sakafuni, fungua madirisha mvua ikikata, anika magodoro na mazulia. Tunza risiti ya turubai, ya misumari na ya malipo ya fundi, kwa kuwa gharama hizi mara nyingi hurudishwa. Matengenezo ya muda fanya mara moja. Ya kudumu yasubiri ukaguzi. Kama haiwezekani kusubiri, mwambie fundi asiondoke na kilichong'olewa. Bati au vigae vilivyovunjika, pamoja na misumari yake, viweke pembeni. Utaona hapa chini kwa nini ninaing'ang'ania hata misumari.

Usitupe kitu. Kikianza kunuka au kuota ukungu, kipige picha, andika namba iliyochapwa nyuma yake kama ni chombo cha umeme, kata kipande cha zulia au kitambaa chenye ukubwa wa kiganja, kisha iandikie kampuni kwamba unakiondoa kwa sababu za kiafya. Kitu kilichotupwa bila kuonwa kinakuachia neno lako peke yake.

Hatua ya 2: Chunga maneno ya simu ya kwanza

Simu ya kutoa taarifa hurekodiwa, na mtu aliyekesha akichota maji sebuleni hasemi kwa uangalifu. Atasema, "Nyumba yangu imekumbwa na mafuriko." Kwake yeye, mafuriko ni maji mengi ndani ya nyumba. Kwenye mkataba, mafuriko mara nyingi ni kitu kingine kabisa: maji yaliyotambaa juu ya ardhi na kuingia kutoka nje. Baadhi ya mikataba inayatenga na dhoruba na kuyaondoa kabisa katika fidia. Neno moja la uchovu linaweza kulifungua faili lako kwenye rafu isiyo yake.

Eleza ulichokiona bila kukipa jina: "Upepo uling'oa sehemu ya paa upande wa chumba cha kulala, mvua ikaingia kupitia hapo, ikalowesha kitanda na kabati." Kama kweli maji yalipita mlangoni kutoka barabarani, sema hivyo hivyo. Kudanganya hata kwenye jambo dogo kunaweza kuua dai zima, pamoja na sehemu iliyokuwa ya haki. Ukiulizwa usilolijua, kama umri wa paa, jibu ni "sijui, nitaangalia." Kukisia ni hatari zaidi ya kunyamaza.

Omba namba ya dai, kisha siku hiyo hiyo tuma ujumbe wa maandishi unaorudia mliyozungumza. Tazama pia muda wa kutoa taarifa uliotajwa kwenye mkataba. Mingine huhesabu siku chache tu.

Hatua ya 3: Usome mkataba kwa mpangilio huu

Kinachoitwa mkataba huwa ni karatasi za aina tatu: jedwali lenye jina lako, viwango na tarehe; kijitabu cha masharti; na nyongeza zilizoingizwa baadaye. Anza na jedwali na nyongeza, kwa sababu ndizo zinazokuhusu wewe peke yako na zinaweza kubadili kilichomo kwenye kijitabu.

Tafuta kwanza kama bima yako ni ya hatari zilizotajwa au ya hatari zote. Katika ile ya kwanza kuna orodha (moto, wizi, radi, dhoruba na kadhalika), na ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba kilichotokea kimo. Katika ya pili kila hasara ya ghafla inaingia isipokuwa iliyokatazwa kwa maandishi. Kwa kawaida, kampuni inayotegemea kifungu cha kukataa ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Weka hili akilini. Barua nyingi za kukataa huandikwa kana kwamba mzigo wote ni wako.

Kisha angalia mambo matano: maana ya dhoruba, maana ya mafuriko, kifungu cha uchakavu, kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa, na kama ulinunua nyongeza ya uharibifu wa ajali. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nami nitairudia.

Hatua ya 4: Je, ilikuwa dhoruba?

Mikataba mingine haitoi maana yoyote ya dhoruba. Mingine inataja namba. Nchini Uingereza, kwa mfano, kipimo kinachotumiwa sana na kampuni za bima ni mikupuo ya upepo (yaani upepo unaovuma kwa nguvu ya ghafla) ya maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 89, au mvua ya milimita 25 ndani ya saa moja. Katika kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu ya upepo kwa madaraja, kilomita 89 kwa saa ndipo inapoanzia daraja la 10, lakini Beaufort hupima wastani wa upepo na si mkupuo wa sekunde chache. Kwa hiyo ukiletewa takwimu inayosema upepo ulikuwa kilomita 60, uliza: huo ni wastani au ni mkupuo? Ulipimwa wapi? Kituo kilichoko kilomita 40 kutoka kwako, upande wa pili wa kilima, hakijui kilichotokea kwenye paa lako.

Omba takwimu za saa husika kutoka mamlaka ya hali ya hewa. Viwanja vya ndege pia hutoa taarifa za upepo kila saa au nusu saa, na kumbukumbu zake huhifadhiwa. Ongeza ushahidi wa mtaani: miti iliyoanguka, paa la jirani, nguzo ya umeme iliyolala. Nyumba tano zilizoharibika kwa mstari mmoja ni kipimo cha upepo pia.

Hatua ya 5: Maji yalipitia wapi?

Hapa ndipo dai linaposhinda au kushindwa.

Mikataba mingi hulipa vitu vilivyoloweshwa na mvua pale tu nguvu ya upepo au mawe ya barafu ilipotoboa paa au ukuta kwanza, mvua ikapita kwenye uwazi huo. Ndivyo ilivyo katika mikataba ya kawaida ya nyumba nchini Marekani. Mvua iliyopenya kwenye ufa wa zamani, iliyoingia dirishani lililoachwa wazi, au iliyofurika kutoka kwenye gata lililoziba kwa majani huangukia mahali pengine, na mara nyingi ni nje ya mkataba.

Nyumba huhifadhi alama za kilichotokea, na mkadiria hasara, yaani anayetumwa kukagua na kupima hasara, amefundishwa kuzisoma. Zisome kabla yake. Doa la darini lenye duara moja linaelekea kuwa la tukio moja. Likiwa na duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa, linaonyesha kwamba dari ilishalowa na kukauka mara kadhaa. Mbao iliyovunjika juzi ni nyeupe au ya manjano penye mpasuko; iliyovunjika zamani ni ya kijivu na ina vumbi. Na misumari ndiyo hii: iliyong'olewa na upepo hupinda au huchana bati ikiwa bado na chuma kinachong'aa, wakati iliyooza huachia taratibu na kuacha shimo lenye kutu pande zote. Kama ushahidi uko upande wako, upige picha kwa karibu sana, na rula ikiwa kando yake.

Kwa maji ya chini, tazama ukuta. Mstari ulionyooka wa matope kuzunguka chumba, wenye kimo kimoja kila upande, unaonyesha maji yaliyopanda kutoka sakafuni. Michirizi inayoshuka ni ya maji ya juu. Nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ugomvi hunoga. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 huko Marekani, maelfu ya familia za pwani zilirudi zikakuta msingi mtupu. Kampuni zikasema ni wimbi la bahari, ambalo mikataba ya kawaida haikulilipia. Wenye nyumba wakasema upepo ulishabomoa kabla bahari haijafika. Kesi zilichukua miaka. Australia ilipata mkwamo wa namna hiyo baada ya mafuriko ya Queensland ya 2010 na 2011, kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na maana yake ya neno mafuriko. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya kuweka maana moja: maji yaliyotoka kwenye mipaka ya kawaida ya mto, ziwa, bwawa au mfereji na kufunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu. Maji ya mvua ambayo hayajafika mtoni hayamo humo. Tofauti hiyo ndogo imewalipa watu.

Kwako wewe, gawanya hasara kwa njia. Andika kwenye karatasi: vitu vilivyoharibiwa na maji ya juu, vilivyoharibiwa na maji ya chini, na visivyojulikana. Hata kama kundi la pili litakataliwa, la kwanza lisizame nalo. Chunga tu kifungu kinachosema hasara haitalipwa kabisa endapo sababu iliyokatazwa imechangia "kwa namna yoyote au kwa mfuatano wowote". Kikiwemo, thibitisha kwamba hasara ya juu ilisimama peke yake: chumba cha ghorofani, rafu ya juu, kitanda ambacho maji ya sakafuni hayakukifikia.

Sasa ile nyongeza ya uharibifu wa ajali. Tuseme wanasema paa lilikuwa chakavu na dhoruba ililifichua tu. Kwa paa huenda wako sawa. Lakini sofa haikuwa chakavu, wala hukujua kwamba paa linavuja. Kwa sofa, maji ya ghafla yaliyodondoka kutoka darini yanaweza kuwa ajali hata kama si dhoruba kwa maana ya mkataba. Andika dai mbadala: "Endapo mtashikilia kwamba hii si dhoruba, naomba dai lipimwe chini ya kifungu cha uharibifu wa ajali." Sentensi hiyo haikugharimu chochote, na wachache huiandika.

Hatua ya 6: Ni kitu cha ndani au ni sehemu ya jengo?

Wazee wa kazi hii wana kipimo cha kuchekesha: ifikirie nyumba imepinduliwa juu chini, kinachoanguka ni cha ndani, kinachobaki ni jengo. Kinasaidia kwa kiti na meza. Kinakwama kwa zulia lililogundishwa, kabati za jikoni, kiyoyozi, dishi na paneli za sola, na kwa haya usikisie, soma jinsi mkataba wako unavyoyataja. Mpangaji awe makini zaidi, kwa sababu kabati aliloligongomea ukutani kwa pesa yake linaweza lisiwe la bima yake wala la mwenye nyumba.

Vitu vilivyokuwa nje, kama viti vya bustani au mashine ya kufulia iliyoko barazani, mara nyingi huwa na kikomo kidogo au havimo kabisa. Vito, fedha taslimu na vifaa vya biashara vina vikomo vyao. Chakula kilichoharibika kwenye friji kwa kukatika umeme huwa na kifungu chake. Chombo kilichoungua umeme uliporudi kwa nguvu si hasara ya maji: kitenge, na umwombe fundi wa vyombo hivyo aandike kilichoungua ndani yake.

Hatua ya 7: Orodha na thamani

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hakuna penye ukweli wa methali hii kama kwenye fomu ya madai. Pita chumba kwa chumba. Kwa kila kitu andika aina, mwaka ulionunua, bei ya wakati huo, bei ya kukinunua leo, na ushahidi. Risiti zikiwa zimelowa, tafuta miamala ya benki au ya simu, kadi za dhamana, na picha za zamani. Picha ya sherehe ya mtoto yenye televisheni nyuma ya keki ni ushahidi mzuri tu.

Angalia kama mkataba unalipa kipya kwa cha zamani au unatoa uchakavu, yaani unapunguza malipo kwa kadiri kitu kilivyozeeka. Kama ni huo wa pili, uliza uchakavu umehesabiwaje. Meza ya mbao ngumu haichakai kwa kasi ya simu.

Halafu kuna hesabu inayoshtua watu. Tuseme vitu vyako vyote vina thamani ya 1,000 na umevikatia bima ya 600. Hasara ni 200 tu, kwa hiyo unaona 600 zinatosha na kubaki. Penye kanuni ya uwiano, inayopunguza fidia kwa kadiri bima yako ilivyo pungufu ya thamani halisi, utalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani 120. Lakini mkadiria hasara anayetumia kanuni hiyo lazima aonyeshe alivyoipata ile 1,000. Omba orodha yake. Wakati mwingine amehesabu vitu vya jengo, au amekipa cha zamani bei ya kipya wakati mkataba wako hulipa kwa kutoa uchakavu.

Hatua ya 8: Siku ya mkadiria hasara

Aliyetumwa na kampuni hulipwa na kampuni. Hiyo haimfanyi mwongo, ila ujue hakuja kukutetea. Mpokee kwa heshima, mwongoze kwa mpangilio ule ule wa video: tundu, dari, ukuta, kitu. Mpe nakala ya orodha, ubaki na yako. Andika aliyoyakagua na ambayo hakuyakagua. Mkadiria ambaye hakupanda kuliona paa kisha akaandika kwamba lilikuwa limeoza ameacha mlango wazi kwako. Mwombe nakala ya ripoti. Hata akikataa, ombi lenyewe libaki kwenye maandishi.

Hatua ya 9: Wakikataa

Usijibu siku hiyo. Hasira huandika barua ndefu zisizojibiwa. Kwanza iulize kampuni maswali matatu: mmetumia kifungu kipi, mmetegemea ukweli gani, na nani aliuthibitisha? Barua ya kukataa isiyotaja kifungu bado haijakamilika.

Kisha tafuta fundi wa paa mwenye uzoefu au mhandisi, umpe swali moja tu: ni nini kilifungua njia ya maji, na lini? Ripoti ya kurasa kumi isiyojibu hilo haikusaidii. Jibu lako linaweza kuwa fupi hivi:

"Rejea dai langu namba fulani. Barua yenu inasema maji yaliingia kwa uchakavu wa paa, kifungu cha 7. Napinga kwa sababu zifuatazo. Picha ya 3 na ya 4 zinaonyesha misumari iliyopinda ikiwa haina kutu na mbao yenye mpasuko mpya. Takwimu za hali ya hewa zilizoambatishwa zinaonyesha mikupuo ya upepo saa hiyo hiyo. Dari haina madoa ya zamani, na picha ya chumba hicho ya miezi miwili kabla inathibitisha hilo. Mkadiria wenu hakupanda juu ya paa. Naomba mpitie upya uamuzi wenu, na kama mnaushikilia, mnieleze kwa maandishi ushahidi wa uchakavu mnaoutegemea. Bila kuathiri hayo, naomba dai lipimwe pia chini ya uharibifu wa ajali."

Kifungu kikiwa na maana mbili zinazokubalika, taja kanuni inayofuatwa na mahakama nyingi: utata husomwa dhidi ya aliyeandika mkataba. Usiutumie mlango huu kwa kifungu kilicho wazi. Utaonekana mbabaishaji, na hoja zako nzuri zitachafuka pamoja nao.

Wakikubali sehemu na kukataa sehemu, waombe walipe ile isiyobishaniwa wakati mnaendelea kuzozania nyingine. Soma karatasi utakayopewa kusaini. Ikisema unapokea "malipo kamili na ya mwisho", usisaini hadi waandike upya kwamba ni malipo ya sehemu.

Hatua ya 10: Nje ya kampuni

Maliza kwanza ngazi ya malalamiko ya ndani na uombe jibu la mwisho la maandishi, kwa kuwa wasuluhishi wengi hawapokei shauri kabla yake. Uingereza, kwa kawaida kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu hilo, na mlalamikaji ana miezi 6 baada yake kwenda kwa msuluhishi wa masuala ya fedha. Mbele ya msuluhishi huyo, dai la dhoruba hupitishwa kwenye maswali matatu: je, kulikuwa na hali ya dhoruba siku hiyo au karibu nayo? Uharibifu unafanana na unaoletwa na dhoruba? Dhoruba ndiyo sababu kuu? Popote ulipo, panga faili lako kwa maswali hayo. Msimamizi wa bima au hakimu yeyote atafika huko huko hata kama hayatamki.

Jua pia kama mkataba unalazimisha usuluhishi kabla ya mahakama, na muda wa kufungua shauri unaisha lini. Barua za kirafiki na ahadi za "tunalishughulikia" kwa kawaida hazisimamishi saa hiyo. Weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda, uitangulize kwa miezi 2, na ikifika bila jibu, peleka faili ulilonalo hata kama unahisi bado lina mapengo.